Sura ya Nane: Noti Inayongoja Jumamosi

Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza aliipiga noti ya mwisho, na bendi nzima ikamgeukia kama mtu aliyejamba kanisani.

"Nani huyo?" sauti nzito iliuliza kutoka safu ya matuba. "Nani katuletea Jumamosi siku ya Ijumaa?"

Kijana akajaribu kujificha nyuma ya tarumbeta lake, na tarumbeta si kitu cha kujifichia. Wakamwona, wakamzomea. Muda si mrefu alikuwa anauzunguka uwanja mbio, tarumbeta juu ya kichwa, huku ngoma zikimpigia mdundo wa kumkejeli kila anapokata kona.

Inspekta Verdell Pettway wa polisi wa Chuo Kikuu cha Tolliver alisimama kwenye uzio, akila karanga za kuchemsha kutoka kwenye mfuko wa karatasi uliolowa chini. Jua la Oktoba la Alabama lilikuwa halijapata habari kwamba kiangazi kimekwisha. Hakuja kusikiliza muziki. Akiwa mwanafunzi hapa hapa alijaribu klarineti kwa wiki moja, mpaka klarineti yenyewe ikaomba uhamisho. Leo alikuja kutazama viatu.

Tangu Jumatano, kanda mama ya "Taa ya Dirishani" ilikuwa haionekani. Hakuna mtu Tolliver asiyeijua santuri iliyotokana na kanda ile: bendi ya mwaka 1971, marehemu Mwalimu Ezra Mabry akiongoza, na kile kipande cha tarumbeta peke yake pale katikati kinachowaliza hata mawakala wa bima. Santuri zilizobaki zilishachakaa, zinakwaruza kuliko kuimba. Kanda mama ilikuwa moja tu duniani, na chuo kilitaka kuitoa upya, safari hii pamoja na maneno ya Mwalimu kati ya wimbo na wimbo, ambayo hayajawahi kutoka nje ya studio. Sasa kabati lake kwenye maktaba ya muziki lilikuwa wazi na rafu ya juu tupu.

Aliyebebeshwa lawama hiyo alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi za juu, amevaa nguo za kawaida. Delphine Rucker, kiongozi wa gwaride, msichana mrefu kama mlingoti wa bendera hata kabla ya kuvaa lile kofia la manyoya. Alikuwa na ufunguo wa maktaba ya muziki, na mara kadhaa alishaomba asikilize kanda ile. Hiyo ilimtosha Dokta Horace Beasley, mkurugenzi wa bendi. Alimnyang'anya fimbo ya uongozi. Kanda isipopatikana kabla ya gwaride la kesho, Jumamosi ya Kurudi Nyumbani, siku ambayo wahitimu wa zamani hurudi chuoni, mtu mwingine ataishika fimbo, na Jumatatu Delphine atasimama mbele ya kamati ya nidhamu akiwa na hatari ya kufukuzwa chuo.

Pettway alipanda benchi pole pole, goti moja likilalamika. Aliona mikono ya msichana ikisogea yenyewe mapajani, ikiiongoza bendi ambayo haimtazami.

"Umekula?"

"Sina njaa, Afande."

"Sikukuuliza kama una njaa." Akamsogezea mfuko wa karanga. "Kwa nini ulikuwa unaihangaikia ile kanda?"

Delphine akamenya karanga moja, akaiangalia, hakuila. "Babu yangu yumo. Hosea Rucker. Tumemzika mwezi wa tatu. Nyumbani hakuwa anapenda kuongelea bendi. Ukimuuliza ulipiga nini, anakwambia, 'Nilisimama nyuma sana, nikajitahidi kufika.' Basi. Anacheka, anaomba chumvi. Nilitaka tu nimsikie akijitahidi."

"Jumatano uliingia maktaba?"

"Niliingia, nikachukua karatasi za watu wa matoazi, nikatoka. Kabati sikuligusa."

"Nyanyua mguu."

"Nini?"

"Mguu, mwanangu. Nyanyua nione."

Delphine akanyanyua. Soli ya kiatu chake ilikuwa kijani, kijani cha kung'aa kama chura aliyepakwa mafuta.

Alama za kijani kama hizo zilikuwa zimejaa kwenye sakafu ya maktaba, na ndizo zilizompotezea siku nzima ya jana. Kijani ni rangi ya Chuo cha Hargrove, wapinzani wa kesho, na Dokta Beasley aliapa kwamba ni wao walioingia kuiba. Pettway akaendesha gari mpaka Hargrove, akaongea na bendi yao, wakacheka mpaka mmoja akakalia ngoma, kisha wakampa chai baridi na kumsindikiza.

"Hii rangi umeikanyaga wapi?"

"Hatujaikanyaga, Afande, tumeipaka." Aliyejibu ni bwana mmoja mnene aliyekuwa anapanda benchi huku tuba limemzunguka mwili kama chatu wa shaba. Jina lake la nyumbani hakuna aliyelikumbuka. Kwenye bendi aliitwa Biskuti, na ndiye mkubwa wa safu ya matuba, mwenye ile sauti nzito. "Wiki ya Kurudi Nyumbani kila mwanabendi anapaka soli rangi ya mpinzani. Tunawakanyaga Hargrove tangu Jumatatu. Darasani, kantini, chooni."

"Wote?"

"Asiyepaka tunampaka sisi. Na hatuanzii kwenye kiatu."

"Hata Delphine?"

"Huyu nilimpaka mimi mwenyewe, Jumatatu asubuhi. Ana mguu mkubwa, kopo lilikwisha."

"Biskuti!" Delphine akampiga kwa ganda la karanga. Ndiyo mara ya kwanza Pettway alimwona akitabasamu.

"Na yule anayekimbia, kakosa nini?"

Biskuti akaacha mzaha. "Kamaliza wimbo, Afande. 'Taa ya Dirishani' mazoezini hatuimalizi. Tunafika mlangoni, tunasimama. Noti ya mwisho inapigwa Jumamosi tu, uwanjani, waliorudi nyumbani wakiwa wameshakaa. Mwalimu Mabry aliweka hivyo siku ya kwanza aliyoanzisha bendi. Unaacha taa kwa ajili ya mtu, unaizima kabla hajafika?"

"Na mtu akisahau?"

"Anasahau mara moja." Akaelekeza kidole kwa kijana, ambaye sasa alikuwa anatembea zaidi ya kukimbia. "Yule hata akifika miaka tisini, hasahau tena."

Pettway akaacha karanga zote kwa Delphine, akashuka.

* * *

Maktaba ya muziki ilinukia nta ya sakafu na karatasi kuukuu. Dokta Beasley alikuwa anamngoja, mtu mfupi mwenye haraka, amevaa raba za mpira kwa sababu siku nzima anakimbia pembeni mwa uwanja akipiga kelele.

"Umewakamata Hargrove?"

"Hargrove wamenipa chai. Dokta, hebu simama hapa. Unaona nini chini?"

"Kijani. Kijani kila mahali!"

"Kila mahali. Mlangoni, kwenye meza, kwenye makabati yote. Wanabendi wako wanaingia na kutoka humu kutwa." Akapiga magoti mbele ya kiti cha mbao kilichokuwa bado pale pale chini ya kabati, tangu siku ile alipoamuru kisiguswe. "Sasa angalia hapa."

Kiti kilikuwa na vumbi la chaki, na katikati ya vumbi palikuwa na nyayo. Mtu alisimama juu yake kuifikia rafu. Soli laini isiyo na mikwaruzo, kisigino kidogo, ncha iliyochongoka.

"Nyayo," alisema Beasley. "Nilishaziona."

"Rangi gani?"

Beasley akainama. Akainuka. Akainama tena, kana kwamba rangi ingejitokeza kwa heshima ya cheo chake. "Hazina rangi."

"Hazina. Wiki hii mwanabendi yeyote akikanyaga kiti anaacha kijani. Na Delphine angekuja na kiti cha nini? Mkono wake unafika rafu ile bila hata kunyanyua kisigino."

"Labda alibadilisha viatu."

"Wiki ya Kurudi Nyumbani, na Biskuti anazunguka na kopo?"

Beasley akakaa kwenye meza. Uso wake ulikuwa umeanza kufanya hesabu isiyompendeza. Pettway akaendelea.

"Kufuli halijavunjwa. Funguo anazo nani?"

"Mimi. Delphine. Na..." Akapunga mkono. "Huyo mwingine si mtu wa kumshuku."

"Wa kumshuku nitamchagua mimi. Nani?"

"Mzee Orrin Tate. Anaandika yale maelezo ya kwenye jalada la santuri mpya. Verdell, yule ni Tate! Ana kipindi chake redioni kila Jumapili. Kesho ndiye anayepanda gari la wazi mbele ya gwaride. Lile tarumbeta la peke yake la kwenye 'Taa' ni yeye aliyelipiga."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua."

"Sijauliza nani anajua. Nimeuliza nani kakwambia."

Dokta Beasley alitoka Ohio kuja kuongoza bendi hii, na jalada la santuri ya zamani halikuwa na jina la mpigaji hata mmoja.

"Yeye," alisema mwishowe.

"Haya."

"Ukimgusa yule mzee, wahitimu watanichoma nikiwa hai, tena kwa makaa ya nyama choma yao."

"Simgusi. Naenda kumwangalia viatu tu."

* * *

Pettway aliusikia wimbo kabla hajafika kibarazani kwa Mzee Tate. Ulikuwa unatoka kwenye mlango wa wavu, wazi kabisa, bila mkwaruzo. Ngoma zilikuja kwa mbali kama mvua inayokata shauri, halafu tarumbeta likapanda peke yake. Pettway akasimama mguu mmoja kwenye ngazi. Maisha yake yote alikuwa ameusikia wimbo ule ukiwa na mafua. Leo kwa mara ya kwanza aliusikia mzima.

Akagonga. Wimbo ukaendelea. Akagonga kwa ngumi.

"Nakuja! Msinivunjie mlango, sidaiwi!" Mzee Orrin Tate akatokea, suti ya rangi ya maziwa, tai ya kipepeo, na miguuni viatu vya ngozi vya rangi mbili, vimechongoka mbele. Sikio moja lilishastaafu, ndiyo maana muziki ulikuwa wa sauti ya juu. "Aa! Verdell, mtoto wa Lurleen! Mama hajambo? Ingia, ingia. Ngoja nizime huu upuuzi."

"Acha tu, Mzee Tate. Unanifurahisha."

Lakini mzee alishauzima. Mashine ilikuwa juu ya kabati la vyombo, ya zamani, yenye magurudumu mawili makubwa ya kuzungushia kanda. Pembeni palikuwa na boksi lililofunikwa na kitambaa cha meza, na kitambaa cha meza hakikuwa na kazi nyingine pale. Pettway alilitazama mara moja, akatafuta kiti.

"Utakula pai. Ya viazi vitamu. Ukikataa namwambia mama yako."

"Sikatai."

Pai ikaja, chai baridi ikaja, sukari ya kusimamisha kijiko. Mzee akakaa mbele yake, magoti pamoja.

"Muziki safi sana ule," alisema Pettway mdomo ukiwa na pai. "Nilidhani ni kanda mama."

"Kanda mama!" Tate akacheka kwa sauti kubwa kuliko mzaha wenyewe. "Ningeitoa wapi? Ningekuwa nayo si ningeshawapigia simu? Hapana, hii ni yangu. Niliirekodi mwenyewe mwaka ule ule. Ijumaa, mazoezi ya mwisho. Nikaiweka mashine kwenye benchi, nikaiwasha, nikarudi kwenye safu yangu, nikapiga."

"Na Mwalimu Mabry akakuacha?"

"Mimi? Mimi alikuwa ananiacha nifanye nitakalo. Alinipenda kama mwanawe."

"Umerekodi wimbo wote?"

"Mwanzo mpaka mwisho."

"Basi niwekee mwanzo mpaka mwisho, nimalizie pai."

Mzee akawa mzito kuinuka. Aliangalia mashine, akaangalia sahani ya mgeni, kana kwamba anapima kipi kitakwisha kwanza. Mgeni alitafuna bila haraka. Mwishowe akaenda, akairudisha nyuma kanda, akaiwasha.

Wakasikiliza. Tarumbeta lilipopanda, vidole vitatu vya Tate vikaanza kubonyeza hewa, kila noti mahali pake, bila kosa hata moja. Macho alikuwa ameyafunga. Pettway hakufunga yake. Ngoma zikarudi, matuba yakajaa chini, wimbo ukapanda ngazi zake za mwisho, ukafika mlangoni.

Ukaingia. Noti ya mwisho ilikuwa ndefu na pana, bendi nzima kwa pamoja, mpaka vijiko kabatini vikatetemeka.

Pettway akaweka uma chini.

"Ijumaa, ulisema."

"Ijumaa."

"Mazoezini. Uwanja wa mazoezi."

"Pale pale wanapofanyia mpaka leo."

"Asubuhi ya leo nimemwona mtoto akikimbizwa uwanja mzima, tarumbeta kichwani. Unajua kosa lake?"

"Watoto wa siku hizi hawana pumzi."

"Alimaliza wimbo, Mzee Tate."

Kanda ilikuwa inazunguka, ikitoa sauti ya upepo mwembamba.

"Alipiga noti ya mwisho siku ya Ijumaa. Haipigwi. Mwalimu Mabry aliikataza siku ya kwanza ya bendi. Aliyevaa ile sare hata kwa wiki moja hawezi kusahau, kwa sababu miguu yake inakumbuka. Hii tuliyosikiliza sasa hivi haikutoka mazoezini, imetoka studio, walikoumaliza wimbo kwa ajili ya santuri." Akafuta midomo. "Uliwahi kuivaa sare, Mzee wangu?"

Mkono wa Tate ukaenda kwenye swichi.

"Usizime."

"Verdell, nakuomba."

"Iache. Kuna kitu mbele unakiogopa, nami nataka nikisikie."

Mkono ukabaki hewani. Upepo mwembamba ukaendelea. Kiti kikalia mahali fulani, mtu akakohoa. Kisha ikaja sauti ya mwanaume, tulivu, ya mtu aliyezoea kutiiwa bila kupaza.

"Hosea. Hosea Rucker, mwanangu. Hapo ndipo. Ila lile tarumbeta umelipigia mbali mno, utadhani uko nyumbani kwenu."

Na sauti nyingine, changa, yenye kicheko ndani yake: "Nilisimama nyuma sana, Mwalimu. Nikajitahidi kufika."

Bendi nzima ya mwaka 1971 ikaangua kicheko ndani ya sebule ya Orrin Tate.

Mzee akakaa. Tai yake ya kipepeo ilikuwa imeenda upande.

"Walinitoa kwenye bendi wiki ya kwanza," alisema. "Nikabaki nawabebea maji. Miaka minne, ndoo mkononi, kila mazoezi..." Akainyoosha tai. "Baadaye kinyozi mmoja akaniuliza, lile tarumbeta ni wewe? Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Kesho yake mji mzima ulikuwa unajua."

"Kwa hiyo siku zote ulikuwepo pembeni mazoezini. Noti ile ulijua haipigwi."

"Nilijua." Akatikisa kichwa kwa mshangao wa kweli. "Umenigongea mlango, nimesema la kwanza lililonijia. Mwenye ndoo hakimbizwi, Verdell. Mwenye ndoo hapigi kitu."

"Na Hosea Rucker? Hakuwahi kukukana?"

"Nilikutana naye mara moja, dukani. Akanitazama muda mrefu. Akaniuliza kama bado nina maji." Akaligeukia boksi. "Waliposema maneno ya Mwalimu yatatoka kwenye santuri mpya, nikachukua kiti."

"Ungeweza kuichoma ukamaliza kazi."

Tate akainua uso, akamtazama kana kwamba amependekeza wamchome mtoto. "Kuichoma? Verdell. Hiyo ni 'Taa ya Dirishani'."

Pettway akainuka, akaondoa kitambaa cha meza juu ya boksi. Mwandiko wa Mwalimu Mabry ulikuwa bado unasomeka.

"Mjukuu wa Hosea amenyang'anywa fimbo kwa ajili yako. Umelijua hilo tangu Jumatano."

"Nimelijua."

"Basi hilo ndilo utakaloanza nalo ukifika. Vaa kofia. Kanda utaibeba wewe mwenyewe, na utampa yeye mkononi, siyo Beasley."

"Mbele ya bendi?"

"Mbele ya bendi. Mimi nitakuwa nyuma yako na pai iliyobaki."

* * *

Jumamosi, gari la wazi lilipita mbele ya gwaride likiwa na dereva peke yake, naye akawa anapunga mkono ili gari lisipite bure. Jambo la Tate lilikuwa limeandikishwa, na kiti mbele ya kamati ya Jumatatu kilikuwa kimebadilishiwa jina. Pettway alikuwa kwenye uzio na mfuko mpya wa karanga.

Delphine Rucker akaingia uwanjani na lile kofia la manyoya, mgongo umelala nyuma mpaka manyoya yakagusa nyasi, na watu wakapiga kelele kama mji unaozimikiwa na kuwashiwa umeme. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amesikiliza kanda mpaka Beasley mwenyewe, mwekundu wa macho, akamwomba waende kulala. Sasa bendi ilikuwa nyuma yake, na wimbo ulikuwa unapanda.

Pembeni, karibu na matuba, mzee mmoja asiye na koti alikuwa anahangaika na ndoo mbili za maji. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemshangilia pia, na wengine walimgeuzia mgongo. Lakini alipoinama kuweka ndoo chini, kisigino cha kiatu chake cha rangi mbili kikanyanyuka, na Pettway akaona soli. Kijani kibichi, rangi haijakauka. Akamtafuta Biskuti kwa macho. Biskuti alikuwa anatazama mawingu, mashavu yamejaa upepo.

Wimbo ukafika mlangoni, ukasimama.

Fimbo ya Delphine ilikuwa juu. Aliishikilia hapo, akaishikilia zaidi ya ilivyo desturi, mpaka watu uwanja mzima wakaacha kutafuna, mpaka wa matuba wakaanza kubadilika rangi. Alikuwa anaangalia juu kabisa, safu za nyuma, kama mtu anayemngoja wa mwisho kukaa.

Kisha akaishusha.